Yamaha 40 ya zamani: nifungue mwenyewe, nimpe fundi, au ninunue nyingine?

Mgeni wa Kibirizi
Wakuu, habari za majukumu. Nimenunua boti ya mbao pale Kibirizi, Kigoma, pamoja na injini yake, Yamaha 40 ya tustroki, silinda mbili. Mwenye nayo alisema ina "kaugonjwa kadogo tu". Tulipoijaribu kwenda Mwamgongo ilichemsha kabla hatujaifikia Gombe, ikazima, tukapiga kasia hadi mikono ikachubuka. Sasa ikiwaka haina nguvu, moshi kama tanuri la mkaa. Mimi ni mwalimu, ufundi wangu unaishia kwenye pikipiki. Naona njia tatu: nifungue mwenyewe taratibu, nimpe fundi aifungue yote, au niiuze kama spea nichukue mtumba kutoka Dar. Mngekuwa nyinyi?

Spana ya Katonga
Ticha, umeanza kuchagua dawa hujapima homa. Azima geji ya kompresha, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Toa plagi zote mbili, waya zake zigusishe kwenye bodi ya injini usije ukaua sidiai (kile kifaa cha umeme kinachotoa cheche), fungua akseli mpaka mwisho, kisha vuta kamba mpaka sindano iache kupanda. Andika. Hamia silinda ya pili. Zikiwa juu ya paundi 100 na zinakaribiana, mashine nzima haifunguliwi, hata fundi akikuapia. Zikiachana sana, ringi au silinda imeumia, na hapo unaongelea kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Babu wa Ujiji
Mtumba wa Dar mimi nauogopa. Mashine iliyokaa baharini huliwa na chumvi kwenye njia za maji, huku nje imepigwa rangi inameremeta. Bolti ukiigusa inakatikia humo humo. Yako imezeekea kwenye maji baridi. Kuukuu, ndiyo, lakini inafunguka.

Mama Migebuka
Mwalimu pole. Mimi nina boti mbili na nimeshajaribu njia zote hizo. Fundi wa kwanza alinifungulia yote, akarudisha, nati nne zikabaki kwenye kopo. Nikamuuliza, akasema ni za ziada! Tangu hapo kazi ndogo tunafanya wenyewe na kijana wangu: plagi, kabureta, pampu ya maji, oili ya gia. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, tulipata muda wa kuzigusa zote mbili bila haraka. Wewe boti yako inakusubiri au abiria wanakusubiri? Kama unaitegemea kwa ugali wa kila siku, mpe fundi, lakini kaa naye. Kama una mshahara, jifunze.

Kijana wa Mwanga
Injini kuukuu inataka oili nyingi. Piga petroli 25 kwa oili 1 itatulia.

Spana ya Katonga
Hapana mdogo wangu. 25 kwa 1 ni ya injini mpya au iliyotoka kuchongwa, saa kumi za mwanzo. Baada ya hapo ni 50 kwa 1, yaani lita 1 ya oili kwenye lita 50 za petroli. Ukizidisha, plagi zinalowa na moshi ndiyo huo. Na oili iwe ya boti, iliyoandikwa TC-W3. Ya pikipiki iache kwenye pikipiki, ticha, nahisi hapo nimekugusa.

Halafu kuchemsha. Kile kijito cha maji pembeni kilikuwa kinatoka?

Mgeni wa Kibirizi
Umenigusa kweli, niliweka ya pikipiki. Maji yalikuwa yanadondoka kama bomba la mtaani kwetu, nikadhani ndivyo.

Spana ya Katonga
Sivyo. Yanatakiwa kuruka. Shusha mguu, ile sehemu ya chini yenye pangaboi, fungua pampu, tazama impela, kile kigurudumu cha mapezi kinachosukuma maji. Ukirudisha, jaribu kwenye pipa lililojaa maji hadi juu ya pampu. Nchi kavu usiwashe hata kidogo: impela ni mpira, na maji ndiyo yanayoilainisha. Mguu ukiwa chini angalia na oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili zimepitisha maji.

Mgeni wa Kibirizi
Nimerudi wakuu. Kompresha: ya juu 118, ya chini 114. Oili ya gia safi. Kabureta ilikuwa na utando kama gundi, nimeisafisha. Mtumba nimeuacha, fundi pia kwa sasa. Impela mapezi matatu yamekatika. Vipande viwili nimevipata kwenye bomba la maji, nimeagiza impela mpya, Jumamosi nafunga.

Spana ya Katonga
Cha tatu?

Mgeni wa Kibirizi
Sijakiona.

Spana ya Katonga
Basi Jumamosi hufungi. Hicho kimepanda juu, na kikiziba njia ya maji utachemsha tena pale pale Gombe. Toa bomba lote, puliza kutokea juu kuja chini.

Mama Migebuka
Na kasia usizitoe kwenye boti.