Mrejesho: Timu ya vijana ya hoki ya barafu iliyoandamwa na majeruhi

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza tufanyeje: msimu unaisha, nafasi ya kuingia mchujo (mechi za mtoano baada ya msimu) inaning'inia, na mabeki wawili tegemeo wako nje, mmoja kwa nyonga, mwingine kwa mtikisiko wa ubongo.

Ushauri wa kumshusha winga acheze beki ndio uliotubeba. Kijana anateleza kinyumenyume vizuri, ila kwenye kona za uwanja bado anateseka. Tulibaki na mabeki watano badala ya sita, hivyo zamu za kila mchezaji barafuni kabla ya kupokezana na wa benchi tukazifupisha hadi kama sekunde 40. Kipindi cha pili ndicho kigumu: mnabadilisha magoli, benchi linakuwa mbali na lango lenu, na beki aliyechoka hana pa kukimbilia.

Huyu wa kichwa ndiye aliyeleta mvutano. Wazazi walisema yuko fiti, mwenyewe anabembeleza kila mazoezi. Tukafuata hatua za kumrudisha mchezoni: mazoezi mepesi, kisha kuteleza peke yake, kisha na wenzake bila kugongana, kila hatua angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka ngazi. Kweli, alipoingia barafuni kichwa kikauma, akashushwa. Kelele zikaisha zenyewe.

Tumeingia mchujo kwa nafasi ya mwisho, tena baada ya wapinzani wetu kufungwa kwingine (sijali, pointi ni pointi). Raundi ya kwanza tunakutana na vinara. Wa nyonga kapata ruhusa ya daktari, wa kichwa bado.