Hang-glaida imeachwa kwetu bila manuali, naiunganisha vipi?

KijanaKisauni:
Wadau salaam. Kuna mzungu alokuwa akikaa Mtwapa karudi kwao, akamuachia ami yangu hang-glaida (lile bawa la tanga la kurukia, halina injini), sasa iko kwetu ndani ya begi lake refu, manuali hakuna. Jana tumeipeleka uwanjani na majamaa tukafungua mabawa, kile kimlingoti cha juu kikasimama, mbavu (vile vijiti vya kulipa tanga umbo) tukatia, lakini ile bomba ya kukingama ukiivuta nyuma ili tanga likaze haifiki pale pa kutia pini. Tumevuta watu watatu wapi! Tena bomba moja la ile pembetatu ya kushikia limepinda kidogo, fundi wa mtaani asema atalinyoosha kwa mia tano. Disemba twaenda Iten kuna mtu atatufunza. Sasa naanzia wapi?

Msafiri_Kerio:
Bro wacheni kuvuta kwanza!! Ile kazi ni ya mtu mmoja, ikitaka watatu basi kuna kitu kimekwama na mkizidisha mtavunja. Mara nyingi ni waya wa juu umejizungusha kwenye kimlingoti ama umenasa kwenye ncha ya ubavu, au mabawa hayajafunguka sawasawa. Rudisheni nyuma, yafungueni yote mawili pamoja polepole, mtu mmoja kila upande, halafu apite mtu afuate kila waya kwa mkono toka mwanzo mpaka mwisho ndio mvute.

Hiyo bomba iliyopinda HAINYOOSHWI. Alumini ikishapinda pale pamekwisha, ukiinyoosha itakaa sawa kwa macho tu. Agiza mpya ya modeli ile ile, na boliti pia usichukue za hardware Mwembe Tayari hata kama zaingia vizuri. Kwenye keel (ile bomba ndefu ya katikati) tafuta stika, ina modeli na mara nyingi na kilo za rubani anayeruhusiwa, ukipata modeli manuali utaipata kwa intaneti, watengenezaji Wills Wing wao wameziweka zao wazi kwa wavuti yao.

Mbavu nazo usitie ovyo. Ya kushoto na mwenzake wa kulia ziweke moja juu ya nyingine, mkunjo uwe sawa, zikitofautiana glaida itavuta upande mmoja na we utahangaika huko juu ukidhani ni upepo.

MzeeWaMatanga:
Mwanangu mimi si wa kuruka, kazi yangu ni waya na matanga ya yoti, lakini chumvi ni ile ile. Kitu kikikaa Mtwapa karibu na bahari usikiamini kwa kung'aa. Angalia pale waya unapoingia kwenye kile kikopo kilichobanwa, hasa zile za pembeni chini kwenye kona za fimbo ya ile pembetatu, maana hizo ndizo zinazokubeba ukiwa juu. Ikiwa zimevishwa plastiki, kutu hujificha mule mule ndani, nje waona safi. Chukua kitambaa cha pamba upitishe taratibu, uzi mmoja wa chuma ukikatika utanasa, na ukinasa waya huo ni wa kutupa, usiulize. Pale boliti ya stenlesi imekaa ndani ya alumini tazama unga mweupe, hapo alumini yaliwa. Tanga lenyewe kama ni dakroni (kitambaa cha poliesta) basi adui yake ni jua, kwaruza mshono kwa ukucha, uzi ukikatika hivi hivi usiruke nalo.

Nyali_Breeze:
Iten mbali yote hiyo ya nini 😂 si mjaribu hapa Nyali kwenye majabali, kaskazi ikianza upepo bwerere

Msafiri_Kerio:
@Nyali_Breeze usimtie mwenzio ujinga. Majabali yale mafupi, nyuma kuna maghorofa yanavuruga upepo, na uwanja wa ndege wa Moi uko hapo Changamwe, huwezi kujirukia tu bila kuuliza KCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga.

KijanaKisauni:
Shukran sana, mzee wangu na bro. Ni kweli, waya wa juu ulikuwa umenasa kwenye ubavu wa mwisho kushoto! Tumeutoa, bomba ikaja kwa mkono wa mtu mmoja, pini ikaingia. Haturuki ng'o mpaka bomba mpya ije. Ila swali, hiyo hanesi (mikanda ya kujifunga rubani) yaangaliwa vipi?

Msafiri_Kerio:
Hapo ndipo watu hufa kijinga, mtu kaunganisha glaida safi kabisa halafu akakimbia bila kujifunga kwenye karabina (kile kipete cha chuma cha kuunga hanesi na glaida), na hao si wageni wa mchezo, marubani wazoefu wengi tu. Kwa hivyo ukishavaa, mwenzio ashike pua ya glaida, we jining'inize ulale mzima mzima. Miguu iwe ndani ya vitanzi vyake, karabina imefungwa na kufuli lake, imeshika mkanda mkuu na ule wa akiba, na kifua kiwe juu ya fimbo kidogo tu. Ukijifungua hata kwa kwenda kukojoa warudia yote upya.

Na Iten ni meta 2400 hivi, hewa nyepesi kuliko hapa, utakimbia zaidi ndio ikuinue. Mwambie mwalimu akuanzishe mteremko mdogo, si ukingoni. We una kilo ngapi, na hiyo stika yasemaje?

KijanaKisauni:
68. Stika imefutika nusu, kesho mchana ntaipiga picha niiweke hapa.

MzeeWaMatanga:
Weka na picha za kona za fimbo, karibu karibu, plastiki uivute nyuma kidogo.