Naomba ushauri: mzee wangu na tumbili mwizi

Ndugu zangu, baba yangu, anayeishi karibu na hifadhi ya swala pala hapa Kisumu, amefanya urafiki na tumbili dume ambaye awali alikuwa akimwibia maparachichi, na ambaye sasa huketi naye barazani kila asubuhi akingojea ndizi. Tangu mama afariki, sijamsikia mzee akicheka hivi. Hata hivyo, tumbili huyo sasa huingia hadi jikoni kwa majirani, na juzi alimpokonya mtoto mkate. Najua kwamba tumbili aliyezoea kulishwa na watu anaweza kuuma, na kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila kibali, ingawa mzee anashikilia kwamba hamfugi, ni mgeni tu. Je, nimshawishi vipi aache kumlisha bila kumvunja moyo, au nianze kwa kuwaarifu askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya?