Naomba ushauri: vipindi vitano vya Oscar Temaru nivipangeje?

Wakuu, naandaa wasifu wa Oscar Temaru, mwanasiasa wa Polinesia ya Ufaransa, visiwa vilivyo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki. Mwanzo hauna tabu: alianzisha chama cha kudai uhuru mwaka 1977, na 1983 akawa meya wa Faa'a, mji ulio jirani na Papeete, mji mkuu. Kazi iko kwenye urais.

Ameshika kiti mara tano: Juni hadi Oktoba 2004, Machi 2005 hadi Desemba 2006, Septemba 2007 hadi Februari 2008, Februari hadi Novemba 2009, Aprili 2011 hadi Mei 2013. Katikati wanapishana Gaston Flosse na Gaston Tong Sang, hao akina Gaston wanaochanganya kila msomaji. Rais anachaguliwa na bunge la viti 57, si wananchi moja kwa moja, hivyo wabunge wachache wakihama upande, kura ya kutokuwa na imani inapita na serikali inaanguka bila uchaguzi mpya.

Jedwali la miaka pekee halifai, maana 2004 inabeba Temaru na Flosse kwa pamoja. Je, niweke mwezi na sababu ya kuondoka kwenye kila mstari, au nifuate chaguzi za 2004, 2008 na 2013?

Pia, azimio la Umoja wa Mataifa la 17 Mei 2013, lililoirudisha Polinesia kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala, lilipita wakati Flosse anarudi madarakani. Nilihesabu kwenye kipindi cha Temaru aliyelipigania, au lipewe sehemu yake?