Re: Mtoto achague Kilatini au Kifaransa? (Ujerumani)

Habari zenu ndugu, kijana wangu yuko Gymnasium (sekondari ya kuandaa watoto kwenda chuo kikuu) hapa Köln kaletewa karatasi achague lugha ya pili ya kigeni, Kilatini ama Kifaransa, na inatakiwa Ijumaa. Mwalimu anavutia Kilatini, baba yake anasema lugha iliyokufa ya nini, halafu kuna mtu kanitisha eti bila Kilatini hasomi udaktari. Ni kweli?

---

Dada salama? La udaktari lisikunyime usingizi, kusomea udaktari hapa siku hizi hawadai Latinum, yaani cheti cha Kilatini, istilahi za tiba wanafundishwa hukohuko chuoni. Wanakoidai bado ni teolojia, na vyuo vingine kwa historia au ualimu wa lugha fulani, sasa hapo inategemea na jimbo, ulizia chuo chenyewe.

Shemeji naye ana haki yake, hakuna mtoto anayelelewa kwa Kilatini, ila hakikuzikwa siku moja. Mwaka 813 maaskofu walikutana Tours, Ufaransa, wakaagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya watu wa kawaida maana cha kanisani waumini kilikuwa kinawapita, na hicho cha mtaani ndo kilichokuja kuwa Kifaransa. Na Vatikani bado kinafanya kazi, tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto wa 16 alitangaza kwa Kilatini kwamba anang'atuka, mwandishi wa ANSA, shirika la habari la Italia, Giovanna Chirri, alikuwa anakielewa basi akaiwahisha habari dunia nzima.

Lakini la muhimu kwako ni kinachofanyika darasani. Hawaongei, wanatafsiri kwenda Kijerumani. Binti yangu alianza na vitu kama "agricola puellam amat", mkulima anampenda msichana, ukigeuza ukaandika "puellam agricola amat" bado anayependa ni mkulima, ile m ya mwisho ndo inakuambia nani anapendwa. Basi hapo ndo akaelewa kwa nini Kijerumani kina der na den, vile vineno vya mbele ya nomino vinavyoonyesha nani anatenda na nani anatendwa, kitu ambacho mimi na miaka yangu yote hapa bado nabahatisha tu. Kwa hiyo kama insha zake za Kijerumani zinayumba, Kilatini kitamsaidia kweli. Kama Kijerumani kiko sawa na mna ndugu wa kuongea nao Kifaransa, mie ningechukua Kifaransa bila kufikiria mara mbili, kujifunza lugha huku una mtu wa kumpigia simu ni utajiri.

---

Asante sana kaka. Ndugu tunao, bibi yake yuko Bukavu wanaongea Kiswahili vizuri tu, ila binamu zake wa Brussels ni Kifaransa mwanzo mwisho, wakija huku likizo yeye anakaa kimya anatabasamu tu. Sasa mwenyewe ukimuuliza anataka Kilatini, kisa marafiki wameenda huko na hakuna kusimamishwa kuongea mbele ya darasa 😅 Insha zake lakini ni nzuri, kwa hiyo naona tutajaza Kifaransa, nitaongea naye leo jioni. Kuna anayejua kama shule zinaruhusu kubadilisha baada ya nusu mwaka akishindwa?