Ndoo, ina, kuteka: maneno ya Kiamu yanayompoteza msomaji

MtuWaMambrui
Asalaam aleikum. Tunanukuu rekodi za wazee wa Mkomani na Langoni, mitaa ya Lamu (Amu), wanaosema Kiamu, lahaja ya huko, kisha tunaweka Kiswahili sanifu pembeni. Mtele (mchele) na ndaa (njaa) hazisumbui. Shida ni maneno ambayo sanifu nayo inayo kwa maana nyingine: ndoo, ina, kuteka. Mwayatambuaje?

BinAmu
Wa aleikum salaam. Tazama upatanisho kwanza, yaani neno linavyokubaliana na wenzake. "Ndoo ya mai" ni chombo cha maji. "Ndoo hapa" ni njoo. "Ina lake" ni jina, hiyo "lake" yatosha kuonyesha. "Iwe hili" ni jiwe.

Kuteka ndiko kwenye hatari. "Kuteka mai" ni kuchota kisimani, na "wateka" bila chochote mbele huwa wanacheka. Lakini "wamemteka"? Kwa mzee wa Amu huenda ni wamemcheka, na msomaji wa Nairobi ataona utekaji nyara. Hapo rudisha rekodi, sikiliza sentensi za kabla na za baada. Usiandike tafsiri mpaka ujue.

Bi_Mswahilina
Nami nasisitiza: msibadilishe herufi kwa kompyuta faili nzima. Ni kweli J huwa Y au huanguka (moya, yana, mai, mui), NJ huwa ND (ndia, nde), CH huwa T (mato, kitwa, mtanga). Ila CH iliyotokana na kiambishi ki- haiguswi: chakula, chombo, chuo. Wingi wake ndio hubadilika: zakula, zombo, zuo. Ukirudisha kila Y kuwa J, "yeye" itaharibika, na "yeo" itakuwa "jeo" ilhali ni leo.

Kuna pia T ya menoni na T ya ufizini. Alfabeti ya kawaida huziandika sawa, kwa hiyo pigeni mstari chini ya ile ya menoni mngali na sauti masikioni.

MtuWaMambrui
Ahsanteni. Na mzee akisema "ndia" lakini pia "maji", tuandike amekosea?

BinAmu
La, hasha! Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema ndia, ndoo na mato, lakini huhifadhi J: maji, moja, jina. Muulizeni alilelewa wapi, muandike hilo juu ya ukurasa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa sanifu. Haukukifanya Kiamu wala Kimvita kuwa makosa. Safu ya kwanza, ya maneno ya mzee, ibaki kama alivyotamka, neno kwa neno.