Vijana wa maskani yetu, tuanzie wapi?

Mama wa Temeke: Jamani, nyuma ya nyumba yetu vijana wanavuta unga, ile heroini, mchana kweupe. Jana nimeokota vipande vya foili vilivyoungua pale wanapochezea watoto. Mjumbe anataka tuite polisi. Wengine nimewanywesha uji mwenyewe wakiwa wadogo. Tufanyeje?

Muuguzi: Dada, polisi watawatawanya tu, kesho wamehamia kwa jirani. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, ipo Hospitali ya Temeke; Muhimbili walianza 2011. Dawa ni bure, anakunywa kila siku mbele ya mhudumu. Siku za mwanzo msindikizeni, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimshika njiani anageuka.

Kocha wa mtaa: Shikamoo mama. Wadogo ambao hawajaanza niletee uwanjani saa kumi jioni. Mipira tu ndiyo haitoshi.

Mama wa Temeke: Marahaba baba. Jumatatu nampeleka mmoja, nauli ninayo.